Bima ya kazini inakwisha 30 Juni, safari ya Dar na Zanzibar ni Julai: tuzibe pengo vipi?

Nyumba_Mpya

Habari za humu wadau. Naomba mwongozo wa wanaozijua bima za Marekani, hasa kipindi cha kubadilisha kazi.

Tuko Houston, Texas, tumefunga ndoa Aprili, watoto bado. Mume ana miaka 28 na pasipoti ya Marekani. Mimi nina 25, pasipoti ya Tanzania na grinikadi. Wote tuko kwenye bima ya kazini kwake. Siku yake ya mwisho ni Ijumaa 26 Juni na bima inakwisha 30 Juni. Kazi mpya inaanza Jumatatu 3 Agosti, lakini barua ya ajira inasema bima itaanza "tarehe mosi ya mwezi unaofuata baada ya kutimiza siku 60 kazini". Mimi nafanya kazi dukani saa 20 kwa wiki, bima hakuna. Mapato yetu ya mwaka 2026 yatafika kama dola 71,000 kwa pamoja.

Safari ni 4 hadi 26 Julai: tunafika Dar tarehe 5, siku sita tutakuwa Zanzibar, tunaondoka Dar tarehe 25. Wakati wa kwenda tunasubiri ndege Addis Ababa saa 14.

HR wamesema COBRA (kubaki kwenye bima ya kazi ya zamani kwa kujilipia ada yote) itakuwa dola 1,173 kwa mwezi kwa sisi wawili au 561 kwa mmoja, na barua yake itatumwa kwa posta karibu na 10 Julai, wakati tuko Dar. Mimi nina pumu. Mwaka huu nimeshajilipia dola 2,400 kati ya 3,000 ambazo kila mmoja wetu anajilipia kabla bima haijaanza kulipa.

Je, tukinunua bima ya safari kwa Julai inatosha? Na Agosti hadi bima mpya ianze tufanyeje?

Karani_wa_Bima

Dada, hongereni kwa ndoa. Umeweka tarehe zote, na kwenye jambo hili tarehe ndizo zinazoamua.

Kwanza tenganisha vitu viwili. Bima ya safari inakulinda ukiwa njiani na ugenini, na nyingi hukoma ukishafika nyumbani. Kwa hiyo tarehe 26 Julai mkikanyaga Houston imekwisha. Pengo linalonitia wasiwasi ni wiki nne zinazofuata, maana malaria ya Dar inaweza kuwaamkia Houston. Kulazwa siku tatu bila bima Texas kunaweza kuwaachia deni la miaka.

Julai iacheni kwa COBRA, lakini msilipe bado. Sheria inawapa siku 60 za kuamua, zikihesabiwa kuanzia siku bima ilipokatika au tarehe ya barua, ile iliyo ya baadaye. Barua ikiwa ya 10 Julai, mna hadi 8 Septemba. Mkishachagua, mna siku 45 nyingine za kulipa malipo ya kwanza. Na ukichagua, bima inarudi nyuma hadi 1 Julai kana kwamba haikukatika. Kukitokea ajali tarehe 2 Julai, au homa tarehe 29 Julai, mnachagua COBRA na kulipa ada za kuanzia 1 Julai. Kama hakikutokea kitu, mnaacha dirisha lifungwe na hamjatoa senti.

Kasoro yake ni kwamba kabla hamjalipa, hospitali ikiangalia mtandaoni itaona hamna bima. Mnaweza kudaiwa fedha mkononi, kisha mkadai kurudishiwa. Tunzeni kila risiti. Tena kila mmoja ana haki yake peke yake: wewe unaweza kuchagua COBRA kwa dola 561 na mumeo asichague.

Kwa sababu mtakuwa safarini, ombeni posta ishike barua zenu. Huduma hiyo ni ya siku 3 hadi 30, na ninyi mnahitaji 23. Msimwachie jirani kazi hiyo. Fomu ya kuchagua itumeni kwa barua ya rejista, kwa sababu kinachohesabika ni tarehe ya muhuri wa posta.

Kuanzia Agosti nendeni HealthCare.gov, soko la bima la serikali. Kupoteza bima ya kazini kunawafungulia dirisha la siku 60 kabla na siku 60 baada, kwa hiyo lenu linafungwa 29 Agosti. Angalieni hapa: mkichagua mpango kabla ya 30 Juni, unaanza 1 Julai na mtalipia mwezi ambao hampo. Mkichagua kati ya 1 na 3 Julai, kabla ya kupanda ndege, unaanza 1 Agosti. Mkisubiri hadi 2 Agosti, unaanza 1 Septemba, na hapo mmeuacha wazi ule mwezi wa homa.

Mtatakiwa kupakia barua inayoonyesha bima imekatika, ndani ya siku 30 tangu kuchagua. Iombeni HR kabla ya 26 Juni, iwe na majina yenu wote wawili na tarehe 30 Juni. Na malipo ya kwanza yafanyike kabla ya 1 Agosti. Mpango uliochaguliwa bila malipo hauanzi, na hilo ndilo kosa ninaloliona likiwaangusha watu wengi kuliko yote.

Mfamasia_Kusini

Naongezea upande wa dawa, maana wiki zilizobaki kabla ya 30 Juni zina thamani.

Homa ya manjano. Tanzania inadai cheti kwa anayetoka au kupitia nchi yenye ugonjwa huo ikiwa kusubiri uwanjani kunazidi saa 12. Ethiopia imo, na saa zenu ni 14. Cheti kinaanza kutambulika siku ya 10 baada ya chanjo, kwa hiyo mkifika Dar tarehe 5 Julai, mchomwe si zaidi ya 25 Juni. Chanjo hii hutolewa kwenye vituo maalumu tu, na bima nyingi hazilipii, basi ulizeni bei kabla. Kama mna kadi ya manjano ya zamani msichome tena. Tangu 2016 inatambulika maisha yote. Wewe dada, kwa sababu ya pumu: kama umetumia vidonge vya prednisone karibuni, mwambie mhudumu kabla ya sindano, kwa kuwa chanjo hiyo ina virusi hai.

Malaria. Aliyekulia Dar akikaa miaka Marekani, kinga aliyokuwa nayo inapungua, kwa hiyo wewe na mumeo mnahitaji kinga sawa. Ya atovaquone-proguanil huanzwa siku 1 hadi 2 kabla, kila siku mkiwa huko, na siku 7 baada ya kuondoka. Hesabu yenu: siku 2, jumlisha 21, jumlisha 7, ni vidonge 30 kila mtu. Vimezwe pamoja na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa, saa ileile kila siku. Wengi huacha wakishapanda ndege ya kurudi, na zile siku 7 za mwisho ndizo zinazomaliza vimelea vilivyojificha kwenye ini. Kama kuna uwezekano wa ujauzito, dawa hii haishauriwi; mwambie daktari mapema akupe nyingine.

Pampu ya pumu: mwombe daktari aandike ya siku 90, zote zichukuliwe kabla ya 30 Juni. Duka la dawa likisema ni mapema mno, waambie waombe ruhusa ya safari kwa kampuni ya bima. Hiyo ipo, ila haitolewi usipoitaja. Ile inayoitwa albuterol Marekani, Tanzania inaitwa salbutamol. Ni dawa moja, usiambiwe haipo. Ibebe kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku.

Kama mumeo ana akaunti ya FSA kazini (fedha za matibabu zinazokatwa kwenye mshahara), fedha isiyotumika hupotea anapoondoka. Lakini anaweza kutumia kiasi chote alichojiandikisha kwa mwaka hata kama makato bado hayajafika huko, mradi gharama iingie kabla ya siku yake ya mwisho. Vidonge vya malaria, miwani, mafuta ya kukinga jua, vyote vinaingia humo.

Mkirudi, joto likipanda ndani ya miezi ya kwanza, siku hiyohiyo nendeni hospitali na neno la kwanza liwe "tumetoka Tanzania, tunaomba kipimo cha malaria". Usipolisema, wanaweza kukutibu mafua.

Kivuko

Bima ya safari: dada, usinunue kabla hujasoma maana ya "nchi ya nyumbani" kwenye mkataba. Kampuni nyingine huihesabu nchi ya makazi, nyingine nchi ya pasipoti. Ukiwa na pasipoti ya Tanzania na mkataba wa aina ya pili, Dar unahesabiwa uko nyumbani na hulipwi kitu, wakati mumeo mliyesafiri naye analipwa. Tafuta mkataba unaosema wazi kwamba nyumbani ni mahali unapoishi kwa kudumu, kisha waandikie barua pepe uulize: "Mkazi wa Texas mwenye pasipoti ya Tanzania akiugua Dar es Salaam, analipiwa?" Jibu lao lihifadhi.

La pili ni pumu. Karibu kila mkataba unaangalia nyuma, kati ya siku 60 na 180, na ugonjwa uliotibiwa au kubadilishiwa dawa ndani ya muda huo unaondolewa. Ipo mikataba inayosamehe sharti hilo ukinunua ndani ya siku 14 hadi 21 tangu malipo ya kwanza ya tikiti. Kama siku hizo zimepita, tafuta unaolipia dharura ya ghafla ya ugonjwa wa zamani.

Kiasi: matibabu yasipungue dola 100,000 na kusafirishwa kwa dharura dola 250,000. Hilo la pili msilibane. Mgonjwa mahututi kutoka Zanzibar anaweza kuhitaji ndege yenye vifaa kwenda Dar au Nairobi, na kumrudisha Marekani akiwa kwenye machela ni gharama ya aina nyingine kabisa. AMREF Flying Doctors wana kituo uwanja wa Wilson, Nairobi, na huuza uanachama wa kusafirishwa uitwao Maisha, lakini huo ni wa ndege, si wa kulipia kitanda cha hospitali. Kwa bima ya kawaida, piga simu namba ya dharura ya kampuni kwanza. Ukikodi ndege mwenyewe bila kibali, wanaweza kukataa kulipa.

Bodaboda! Someni orodha ya wasiyolipia. Pikipiki imo kwenye mingi, hata kama wewe ni abiria tu. Kama mkataba unaikataa, mjini tumieni bajaji au teksi, na Zanzibar msikodi pikipiki. Kuzamia nako kuna kikomo cha kina.

Zanzibar: tangu 1 Oktoba 2024 mgeni lazima anunue bima ya kuingia ya Zanzibar Insurance Corporation, dola 44, ya siku 92. Mumeo inamhusu, na haikubaliki kubadilishwa na bima ya Marekani aliyonayo. Wewe kwa pasipoti ya Tanzania haikuhusu. Inunueni mtandaoni kabla na mweke ile alama ya kuskani kwenye simu na kwenye karatasi. Msiitegemee mkiwa Dar. Mumeo pia anahitaji viza, dola 100 kwa Mmarekani.

Hospitali kubwa za binafsi Dar hutaka amana kabla ya kulaza, kwa hiyo muwe na kadi yenye nafasi. Kabla ya kuondoka hospitalini chukueni risiti ya EFD (ya mashine ya kodi), orodha ya gharama moja moja, na taarifa ya daktari yenye jina la ugonjwa, sahihi na muhuri. Ujumbe wa simu wa malipo peke yake hautoshi kudaia.

Mizani

Nakubaliana na Karani kuhusu Julai, ila Agosti kuna hesabu hajaigusa. Dada ameshajilipia 2,400 kati ya 3,000. Akihamia mpango wa sokoni 1 Agosti, hesabu inaanza sifuri, na bima mpya ya mume ikianza inaanza sifuri tena. Akichukua COBRA peke yake, amebakiza 600 tu.

Gharama yake: COBRA huwezi kuanza Agosti, lazima ulipe tangu 1 Julai. Hadi mwisho wa Oktoba ni miezi minne, 561 mara nne ni dola 2,244. Kama una kipimo kikubwa au matibabu yaliyopangwa Septemba, inalipa. Kama pumu imetulia na unahitaji pampu na kumwona daktari mara moja, mpango wa daraja la fedha (Silver) sokoni, ambao kwa daktari na dawa za kawaida unalipa kiasi maalumu kila mara, utakutosha. Mimi kwa hali uliyoeleza ningeenda sokoni, na COBRA ningeiacha wazi hadi 8 Septemba kama akiba.

Kumbuka pia, ukishaingia COBRA na dirisha la 29 Agosti likapita, kuacha kulipa kwa hiari hakukufungulii soko tena. Hapo unasubiri usajili wa Novemba au bima ya mume.

Ruzuku, yaani serikali kuchangia ada ya mpango wa sokoni: ile ya ziada ya 2021 hadi 2025 ilikwisha 31 Desemba 2025. Kwa 2026 kikomo cha mapato kwa kaya ya watu wawili ni dola 84,600, yaani mara nne ya 21,150. Kwa dola 71,000 mnatarajiwa kuchangia 9.96%, kama dola 589 kwa mwezi. Serikali inalipa tofauti tu, pale mpango wa pili kwa unafuu wa daraja la fedha unapozidi hapo. Kwa umri wenu ruzuku inaweza kuwa ndogo, na mume akijiunga peke yake huenda isiwepo kabisa, kwa kuwa zile 589 huhesabiwa kwa kaya nzima.

Tahadhari kubwa ni hii: kuanzia mwaka wa kodi 2026 hakuna tena kikomo cha kurudisha ruzuku iliyozidi. Mume akipewa bonasi ya kuanza kazi na mkapita 84,600 hata kwa dola moja, mnarudisha yote. Mkikaribia hapo, kuweka fedha kwenye 401(k) ya kawaida (akiba ya uzeeni ya kazini) hushusha mapato yanayohesabiwa. Na kodi mjaze pamoja; wanandoa wanaojaza mbalimbali hawapati ruzuku, isipokuwa kwa hali chache maalumu.

Kwa kuwa mko chini ya miaka 30 kuna mpango wa janga, ada ndogo, lakini mnajilipia hadi dola 10,600 kila mtu kabla haujaanza, ukiacha ziara tatu kwa daktari wa kawaida. Haupokei ruzuku. Kwa mume mwenye afya ni sawa, kwa mwenye pumu hapana.

Nyumba_Mpya

Nawashukuru sana. Nimepata maswali mawili zaidi. Kuna wakala amenipigia anasema ana bima ya muda mfupi ya miezi mitatu kwa bei nusu ya soko, inaanza kesho. Ina shida gani? Na Medicaid (bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo) je, kwa kuwa Julai mume hana mshahara?

Karani_wa_Bima

Medicaid kwa Texas sahau. Jimbo halikupanua mpango huo, na watu wazima wasio na watoto, wasio wajawazito wala walemavu, hawaingii hata mapato yakiwa sifuri. Majimbo mengine wangeangalia mapato ya mwezi.

Bima ya muda mfupi inaruhusiwa kukataa ugonjwa wa zamani, na pumu yako itakuwa ya kwanza. Nyingi hazilipii uzazi. Ni rahisi kwa sababu haibebi wagonjwa. Kwa mume isingekuwa balaa, kwako haifai. Na muda wake ukiisha, hilo peke yake halikufungulii soko. Ukimpa wakala huyo namba ya kadi "akuangalizie", atakuwa ameshakuandikisha. Vikundi vya kuchangiana matibabu vya kidini navyo si bima, havina wajibu wa kisheria kulipa.

Sasa rudi kwenye barua ya ajira, kuna kitu nimekihesabu mara mbili. Akianza 3 Agosti, siku 60 zinatimia mwanzoni mwa Oktoba, kwa hiyo tarehe mosi inayofuata ni 1 Novemba. Hiyo ni siku ya 91, na sheria inaruhusu kusubiri siku 90, maana yake hamna la kudai. Lakini akianza Ijumaa 31 Julai, siku 60 zinatimia kabla Septemba haijaisha, na bima inaanza 1 Oktoba. Siku moja ya kazi inawapa mwezi mzima wa bima. Mnarudi 26 Julai, muda upo. Aandikie HR wapya leo aombe tarehe ya kuanza iwe 31 Julai, na waithibitishe tarehe ya bima kwa maandishi.

Mizani

Hesabu hiyo ni sahihi. Bima ya kazi ikishajulikana itaanza lini, ingieni HealthCare.gov mfute mpango kwa tarehe ya siku moja kabla, 30 Septemba au 31 Oktoba. Haujifuti wenyewe, na ruzuku ya mwezi ambao mna bima ya kazi mtairudisha yote.

Kabla ya kukuingiza wewe kwenye bima yake, angalieni atakatwa kiasi gani kwa ya familia. Ikizidi 9.96% ya mapato ya kaya, wewe unaweza kubaki sokoni na ukaendelea kustahili ruzuku hata kama ya kwake peke yake ni nafuu. Kanuni hiyo imekuwepo tangu 2023.

Kivuko

Na mkichagua mpango wa sokoni, angalieni kama ni HMO au EPO. Hizo nje ya mtandao wake wa hospitali hulipa dharura tu. Mkienda kuwatembelea ndugu Dallas au Minneapolis Agosti, chumba cha dharura kinalindwa na sheria iliyoanza kutumika 2022 dhidi ya bili za kushtukiza, lakini gari la wagonjwa la barabarani halimo kwenye sheria hiyo.